Lugha ya Ibada na Mipaka ya Kata: Kanuni ya Kanisa la Wamormoni Ikipimwa kwa Hali ya Kajiado

1. Utangulizi

Wanapojadili matumizi ya lugha katika Afrika Mashariki, wataalamu wengi huelekea kwanza shuleni, bungeni, mahakamani na redioni. Mahali pa ibada hutajwa kwa nadra, ingawa hapo ndipo watu wengi, hasa wale wasiopata kusoma, wanapokutana kila juma na lugha iliyopangwa, iliyoandikwa na inayosemwa mbele ya hadhara. Lugha ichaguliwayo kwa ibada huamua nani ataelewa, nani atasema na nani atakaa kimya. Kwa hiyo uchaguzi huo si jambo la kurahisisha mawasiliano tu, bali pia ni jambo la kugawa heshima na madaraka.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kanisa moja linavyowagawa waumini wake katika sharika, na jinsi kanuni yake ya mgawanyo inavyoweza kupimwa kwa hali ya lugha ya Kajiado, kusini mwa Kenya. Kanisa hilo ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830. Mwaka 2018 uongozi wake uliwaomba watu waliite kwa jina lake kamili. Jina la Wamormoni linatumika hapa kwa kuwa ndilo lijulikanalo na wasomaji wengi.

Hoja itakayotetewa ni hii. Kanuni ya kanisa hilo inatenganisha lugha na kabila: inaruhusu usharika wa lugha, lakini haikusudii usharika wa kabila. Tofauti hiyo ni rahisi kuitamka, lakini katika Kenya ni ngumu kuitekeleza, kwa sababu hapa jina la lugha na jina la watu huundwa kwa mzizi mmoja. Asemaye Kimaasai hudhaniwa mara moja kuwa Mmaasai, na asemaye Kikamba kuwa Mkamba. Kiswahili huonekana kuwa ndicho kiondoacho tatizo hilo. Katika mji wa Kitengela huliondoa kwa kiasi kikubwa, lakini katika maboma yaliyo mbali na barabara huleta tatizo jingine ambalo halionekani upesi.

2. Kanuni ya Mipaka na Kanuni ya Lugha

Muumini wa Kanisa la Wamormoni hajichagulii usharika. Nchi hugawanywa katika maeneo yenye mipaka iliyochorwa, na kila muumini huhesabiwa kuwa wa eneo analoishi. Usharika mkubwa huitwa kata, na ulio mdogo huitwa tawi. Kata kadhaa pamoja hufanya kigingi. Kwa kanuni hiyo tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, wakiishi katika mtaa mmoja hukaa katika ukumbi mmoja.

Pamoja na kanuni hiyo ipo nyingine inayoikata. Katika kitabu kiitwacho Mafundisho na Maagano yamo maneno ya mwaka 1833 yasemayo kwamba kila mtu atasikia injili kwa ulimi wake na kwa lugha yake. Kwa sababu hiyo viongozi huweza kuanzisha kata au tawi la lugha, ambalo mipaka yake hupita juu ya mipaka ya kata za kawaida. Muumini asemaye lugha hiyo huweza kujiunga nalo, au huweza kubaki katika kata ya mahali anapoishi. Kinachotajwa katika kanuni ni lugha, wala si asili ya mtu.

Jambo la pili linaloipa lugha uzito mkubwa katika kanisa hili ni kwamba sharika zake hazina wahubiri wa kulipwa. Askofu wa kata huwa ni mwalimu, fundi, karani au mfanyabiashara aliyeitwa kutumika kwa miaka kadhaa bila mshahara, na mahubiri ya Jumapili hutolewa na waumini wenyewe kwa zamu, wanaume na wanawake, hata vijana. Katika kanisa lenye mhubiri mmoja, asiyejua lugha ya ibada hupoteza sehemu ya kuelewa. Katika kanisa ambamo kila mtu aweza kuitwa kusema, kufundisha darasa au kusimamia kikundi, asiyejua lugha hupoteza pia nafasi ya kusema na kutumika. Mkalimani anaweza kumsaidia kusikia, lakini hawezi kumfanya kuwa mwalimu.

Jambo la tatu ni la matini zenyewe. Sehemu kubwa ya mkutano wa Jumapili husemwa kwa maneno ya msemaji, lakini sala mbili za sakramenti, moja ya mkate na moja ya maji, husomwa kama zilivyoandikwa. Neno likikosewa, anayeongoza mkutano humtaka msomaji arudie. Kwa hiyo usharika wa lugha fulani hauwezi kutegemea ufasaha wa waumini peke yake. Lazima iwepo tafsiri iliyokubaliwa, na tafsiri hiyo hupita katika mikono ya makao makuu ya kanisa, mjini Salt Lake City. Lugha isiyokuwa na tafsiri hubaki kuwa lugha ya mazungumzo ya kabla na baada ya ibada.

3. Mafunzo ya Marekani

Swali la sharika za lugha si geni kwa kanisa hili. Wamisionari wake walifika Denmark mwaka 1850, na mwaka uliofuata Kitabu cha Mormoni kilichapishwa kwa Kidenishi, tafsiri ya kwanza kupigwa chapa baada ya matini ya Kiingereza. Waongofu wengi kutoka Skandinavia walihamia Utah, wakakaa kwa wingi katika bonde la Sanpete. Walihesabiwa katika kata za mahali walipoishi, lakini pia walikuwa na mikutano ya lugha zao na magazeti yao. Gazeti la Kidenishi liitwalo Bikuben lilitoka kuanzia mwaka 1876 hadi 1935. Mpango huo ulionekana kuwa daraja: wazee wangevuka polepole, na watoto wangezaliwa ng'ambo ya pili, katika Kiingereza.

Lugha za Ulaya zilififia kama ilivyotarajiwa, lakini kwa wengine daraja lilikuwa refu zaidi. Wahawaii waliohamia Utah walipewa makazi ya peke yao katika bonde la Skull, mahali palipoitwa Iosepa, mwaka 1889. Makazi hayo yalivunjika mwaka 1917, na wengi wao wakarudi visiwani. Hapo lugha, asili na umbali vilikuwa vimechanganyika, na ni vigumu kusema kama watu hao walitengwa ili wahifadhiwe au walihifadhiwa kwa kutengwa. Katika miaka ya 1920 wasemaji wa Kihispania walikuwa na tawi lao katika Salt Lake City, na tangu hapo sharika za Kihispania zimeongezeka sana katika Marekani.

Sera ya uongozi juu ya sharika hizo haikukaa mahali pamoja. Ilipita miaka ambayo vikundi vya lugha vilihimizwa, na ikapita mingine ambayo waumini wake walitakiwa kujiunga na kata za jirani kwa ajili ya umoja. Jessie L. Embry, mtafiti aliyechapisha kitabu juu ya sharika za Kihispania mwaka 1997, alitumia masimulizi ya waumini wenyewe. Masimulizi hayo yanaonyesha pande zote mbili. Wako walioona kwamba katika usharika wa lugha yao ndimo walimojifunza uongozi, kwa kuwa katika kata ya Kiingereza wangekaa nyuma tu. Wako pia walioona kwamba usharika huo uliwakawiza kujuana na majirani zao.

Yafaa isisahaulike kwamba kanisa hili lilikuwa pia na historia ya ubaguzi wa asili, mbali na lugha. Hadi Juni 1978 wanaume wa asili ya Kiafrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani wake, ambao wanaume wengine wote walioamini waliweza kuupata. Mwaka 1971 kikundi kiitwacho Genesis kilikuwa kimeundwa mjini Salt Lake City kwa ajili ya waumini weusi, ambao lugha yao ilikuwa Kiingereza kama ya jirani zao. Mfano huo unaonyesha kwamba kikundi cha asili na kikundi cha lugha ni vitu viwili, hata kama kwa macho vinafanana. Unaonyesha pia kwa nini kanuni ya leo inaitaja lugha peke yake.

4. Makanisa na Makabila katika Kenya

Kanisa la Wamormoni liliandikishwa rasmi katika Kenya tarehe 25 Februari 1991, na misheni ya Nairobi ikaanzishwa Julai mwaka huohuo. Kigingi cha kwanza kiliundwa mjini Nairobi mwaka 2001. Hekalu lililotangazwa Aprili 2017 lilizinduliwa mjini humo mwaka 2025. Miongoni mwa mahali pa mwanzo palipopata waumini nje ya jiji ni vijiji vya Ukambani, upande wa Kilungu na Chyulu.

Tarehe hizo zina maana kwa mwanafunzi wa lugha, kwa sababu makanisa yaliyotangulia yaliingia katika Kenya ya namna nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 misheni za Kiprotestanti zilikubaliana kugawana maeneo ili zisigombanie waumini. Kila misheni ilijifunza lugha ya watu wa eneo lake, ikaitungia tahajia, ikaitafsiria Biblia. Matokeo yake ni kwamba dhehebu lilikaribia kuwa alama ya kabila: Wapresbiteri walihusishwa na Wakikuyu, Marafiki wa Kaimosi na Waluhya, Wainlandi na Wakamba na Wakalenjini. Lugha nyingi zilipata maandishi kwa njia hiyo, na faida hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini watu wa makabila hayo walipohamia mjini, walihama na makanisa yao, na usharika wa mjini ukawa mahali pa watu wa nyumbani kukutana.

Kanisa lililofika mwaka 1991 halikuwa na eneo wala kabila la kurithi. Lilikuta taifa ambalo mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na Kitabu cha Mormoni kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 2000. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, ikatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Aidha, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwafundisha Wakenya wengi kuogopa kila mkutano unaofungwa kwa lugha ya kabila moja. Katika hali hiyo Kiswahili, pamoja na Kiingereza, kilikuwa njia iliyo wazi.

5. Kajiado Mbili

Jina la Kajiado latokana na maneno ya Kimaasai ol-keju ado, yaani mto mrefu. Reli ya kwenda Magadi, iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na mwanzoni mwake kwa ajili ya kusafirisha magadi, ilipita hapo, na pamoja na reli wakaja vibarua, makarani na wachuuzi, na Kiswahili chao. Tangu hapo mji wa Kajiado umekuwa mahali pa lugha mbili: Kimaasai cha wenyeji na Kiswahili cha soko na ofisi.

Kitengela ni jambo jipya zaidi. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kwa watu binafsi mwaka 1988, na viwanja vikaanza kuuzwa. Mwaka 1990 sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ilipitishwa, na eneo la namna hiyo likawekwa Athi River, jirani kabisa na Kitengela. Wafanyakazi wa viwanda hivyo, pamoja na watu wa Nairobi waliotafuta viwanja vya bei nafuu, walijenga kandokando ya barabara ya Namanga. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 154,436 mjini Kitengela. Kaunti nzima ya Kajiado, iliyokuwa na watu 687,312 mwaka 2009, ilikuwa na watu 1,117,840 mwaka 2019. Ongezeko la namna hiyo haliletwi na uzazi peke yake, bali na uhamiaji.

Kwa kanisa lolote linalowagawa watu kwa mipaka ya ardhi, Kitengela ni mahali ambapo kanuni hufanya kazi kama ilivyokusudiwa. Katika ploti moja huweza kuishi Mkamba, Mkisii, Mluo, Mkikuyu na Mmaasai. Wote hununua sukuma wiki, hupanda matatu na hubishana na mwenye nyumba kwa Kiswahili. Watoto wao hucheza kwa Kiswahili na Sheng, na wengine hawaijui lugha ya babu zao. Usharika wa mtaa wa namna hiyo hauhitaji kuchagua kabila, kwa sababu mtaa wenyewe umekwisha kuchagua lugha. Makanisa mengi ya miji ya Kenya yamekuwa na ibada ya Kiingereza na ibada ya Kiswahili Jumapili moja, na mgawanyo huo hufuata zaidi elimu na umri kuliko kabila.

Mambo hubadilika mtu akiiacha lami. Magharibi na kusini mwa kaunti, kuelekea Magadi, Mashuuru na Namanga, yapo maboma ambamo Kimaasai ndicho lugha ya kila saa ya siku. Vijana waliosoma hujua Kiswahili, na wanaume waendao mnadani kuuza ng'ombe hukijua kwa kiasi cha biashara. Aliye nyuma ni mara nyingi mwanamke mzee, ambaye hakupelekwa shule na ambaye hakuwa na sababu ya kwenda mnadani. Huyo akiambiwa kwamba ibada itakuwa kwa Kiswahili ili asibaguliwe mtu, yeye ndiye anayebaguliwa. Ukumbini atakaa karibu na mjukuu wake, naye mjukuu atamnong'onezea maana. Uhusiano wa umri umepinduka: mkubwa anamtegemea mdogo ili ajue alilosema Mungu.

Hapo ndipo tatizo lililotajwa katika utangulizi linapoonekana wazi. Mgeni huona kwamba Kiswahili si lugha ya kabila, na kwa hiyo hakimpendelei mtu. Lakini kutompendelea mtu kwa kabila si sawa na kutompendelea mtu kabisa. Kiswahili humpendelea aliyesoma mbele ya asiyesoma, mwanamume mbele ya mwanamke, kijana mbele ya mzee, na aliye karibu na barabara mbele ya aliye mbali nayo. Upendeleo wa namna hii hauna jina la watu, na kwa sababu hiyo ni mgumu kuulalamikia.

6. Tafsiri na Istilahi

Mtu aweza kusema kwamba dawa ni kufungua tawi la Kimaasai. Kimaasai si lugha maskini kwa maandishi. A. C. Hollis alichapisha kitabu chake juu ya lugha na masimulizi ya Wamaasai mwaka 1905. A. N. Tucker na John Tompo Ole Mpaayei walitoa sarufi yao mwaka 1955, kazi ambayo hadi leo wataalamu huirudia kwa jinsi ilivyoeleza toni, inayotofautisha nomino iliyo mtenda na nomino iliyo mtendwa. Padri Frans Mol alitoa kamusi mwaka 1978. Agano Jipya lilipatikana miaka ya 1960, na Biblia nzima mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wamaasai waliohesabiwa katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ni 1,189,522, mbali na wale wa Tanzania. Hata hivyo vitabu vya pekee vya Kanisa la Wamormoni humfikia Mmaasai kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Tafsiri ikijaribiwa, ugumu wake hautakuwa wa msamiati tu. Yatosha kutazama istilahi za Kiswahili zilizokwisha kupatikana. Neno kata katika Tanzania ni ngazi ya utawala yenye diwani wake. Katika Kenya kata ni eneo la chifu, na eneo la mwakilishi wa bunge la kaunti huitwa wadi. Msikilizaji wa Kajiado akiambiwa kwamba yeye ni wa kata fulani, huenda akafikiri kwanza juu ya baraza la chifu. Neno kigingi limechukuliwa katika mfano wa hema wa nabii Isaya, na kwa wafugaji wajuao kigingi ni kitu gani huenda likaeleweka kuliko linavyoeleweka mjini. Akidi, ambalo msomaji wa magazeti hulijua kuwa idadi ya wabunge inayotosha kuendesha kikao, hapa ni jina la kikundi cha wenye ukuhani wa daraja moja.

Neno lenye kufundisha zaidi ni mzee. Katika kanisa hili mwanamume huweza kupewa cheo hicho akiwa na umri wa miaka 18, na vijana wa kimisionari huitwa kwa jina hilo. Tangu Oktoba 2012 kijana huweza kwenda misheni akiwa na miaka 18 badala ya 19. Msemaji wa Kiswahili huvumilia, kwa kuwa mzee katika lugha hii laweza kuwa neno la heshima tu. Msemaji wa Kimaasai ana sababu ya kushtuka. Kwake hatua za umri hupangwa kwa marika na kufunguliwa kwa sherehe: ilmurran hupita Eunoto, na baadaye Olng'esherr, ndipo huhesabiwa kuwa wazee. Kijana wa miaka 18 kuitwa olpayian kungekuwa kumrusha juu ya marika yote yaliyo kati. Mfasiri angelazimika kuchagua: ama atumie neno la Kimaasai na kuvunja utaratibu wake, ama aazime neno la kigeni na kukiacha cheo bila mizizi.

Mfano wa pili ni jina la Mungu. Enkai ni nomino yenye kiambishi cha jinsi ya kike, na hutumika pia kwa mbingu na mvua. Masimulizi ya kale yanamtaja Enkai aliye mweusi, mwema, na Enkai aliye mwekundu, mwenye ghadhabu. Wakristo wa Kimaasai wamelitumia jina hilo kwa vizazi kadhaa na kumwita Enkai Baba bila kuona mgongano, kwa kuwa jinsi ya nomino si jinsi ya kiumbe. Lakini kanisa linalosisitiza sana ubaba wa Mungu, na linalochunga kila neno la sala zake, lingetakiwa kuuliza swali hilo upya. Kiswahili, kisichokuwa na jinsi ya kike na ya kiume katika ngeli zake, hakiulizi swali hilo kamwe. Hii nayo ni faida inayofanya Kiswahili kipendwe na mashirika makubwa: hupita kimya juu ya mambo ambayo lugha nyingine hulazimika kuyatamka.

7. Kiswahili Ugenini

Kipimo kizuri cha hoja hii kinapatikana mbali na Kajiado. Katika karne hii limekuwako mjini Salt Lake City tawi la Kanisa la Wamormoni linalotumia Kiswahili. Waumini wake wengi ni wakimbizi wa Kongo ya mashariki na Burundi, ambao wengi wa namna yao waliishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, Tanzania, au Kakuma, Kenya. Huko Utah Kiswahili si lugha ya kuunganisha mtaa. Mtaa una Kiingereza chake. Kiswahili hapo ni lugha ya chumba cha pembeni, kinachowakusanya walio wageni na kuwapa nafasi ya kuhubiri, kufundisha na kusimamia, jambo ambalo wasingelipata upesi katika kata ya Kiingereza.

Yafaa itambulike kwamba hata chumba hicho si cha watu wa aina moja. Kiswahili cha Kivu kina matamshi, maneno na miundo yake. Mrundi aliyejifunzia Kiswahili kambini anakisema kwa namna nyingine, na Mkenya au Mtanzania akiingia huhesabiwa mara nyingi kuwa mwenye Kiswahili safi. Sala za sakramenti husomwa kwa Kiswahili sanifu cha tafsiri moja, ilhali ushuhuda wa waumini hutolewa kwa lahaja mbalimbali. Tena wapo wazee wa Kirundi au wa Kibembe ambao hata hapo husikia kwa shida, na watoto waliozaliwa Marekani ambao husikia kwa shida vilevile kwa sababu iliyo kinyume.

Kwa hiyo lugha ileile, yenye kitabu kilekile na sala zilezile, ni lugha ya wote katika Kitengela, ni lugha ya wenye nguvu katika boma la mbali, na ni kimbilio la wanyonge katika Utah. Hakuna kitu ndani ya Kiswahili chenyewe kinachoamua lipi litakuwa. Kinachoamua ni nani anaishi jirani na nani, na nani aliye na lugha ya zaidi.

8. Hitimisho

Kanuni ya kwamba sharika zigawanywe kwa lugha, si kwa kabila, ni kanuni njema, na historia ya Kenya inaipa nguvu. Lakini kanuni hiyo hudhani kwamba lugha na kabila vyaweza kutenganishwa kwa tamko. Katika Kajiado tawi la Kimaasai lingeitwa tawi la Wamaasai kabla Jumapili ya kwanza haijapita, na Mkamba aliyekulia hapo akijua Kimaasai vizuri angehesabiwa mgeni ndani yake. Kwa upande mwingine, kukikataa Kimaasai kwa hofu hiyo ni kumwambia mama asiyejua Kiswahili kwamba umoja wa wengine umelipiwa kwa kimya chake.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu: usharika ubaki mmoja, kwa mipaka ya ardhi, na ibada yake kuu iwe kwa Kiswahili, lakini ndani yake pawe na darasa la Kimaasai, na hotuba ya Kimaasai yenye mkalimani anayewafasiria wasemaji wa Kiswahili. Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalobadilisha uhusiano. Mkalimani anapomfasiria mama kwa Kimaasai, mama ni mpokeaji tu. Mama anaposimama na kusema kwa lugha yake, na mjukuu wake akawafasiria wengine kwa Kiswahili, waliokuwa wenye lugha ndio watakaokaa kimya na kungoja.

Kwa wataalamu wa lugha kazi iliyobaki ni ya uchunguzi. Mara nyingi takwimu za lugha huhesabu wasemaji. Sharika za aina iliyoelezwa hapa zinataka kuhesabiwa kwa namna nyingine: katika Jumapili moja, ni watu wangapi waliosikia, ni wangapi walioelewa, na ni wangapi walioitwa kusema. Tofauti kati ya hesabu hizo tatu ndiyo itakayoonyesha kama Kiswahili katika Kajiado kinawaunganisha watu, au kinawaunganisha wale tu waliokwisha kuunganishwa na shule na barabara.